Chumba cha mazoezi, rekodi na akili unde: kwa wanafunzi wanaotafiti ngoma Mtwara na Lindi

Ukitafiti ngoma za Wamakonde, Wamakua, Wayao au Wamwera, kazi yako inapita sehemu tatu: chumba cha mazoezi, sauti ulizorekodi, na kompyuta unayochambulia. Siku hizi kwenye kompyuta kuna akili unde, na makosa makubwa ya kazi za mwaka wa mwisho yanaonekana hapo. Chanzo chake mara nyingi ni rekodi chafu. Mtu asiposikia vizuri alichorekodi, anaiachia mashine ijaze maneno, nayo itayajaza bila kusita.

Kwa hiyo anza na chumba. Ombi liingie kwenye daftari la idara angalau siku mbili kabla, likionyesha jina la kikundi, idadi ya watu, saa ya kuingia na ya kutoka, vyombo mtakavyotumia, na mtu mmoja atakayeshika funguo. Saa iandikwe pamoja na asubuhi, mchana au usiku. Ukiandika "saa 2" tu, mmoja atakuja baada ya chai ya asubuhi, mwingine ataangalia saa ya simu na kuja mchana. Omba muda wa saa mbili kwa mara moja. Nusu saa ya kwanza huishia kwenye kupanga vyombo na robo saa ya mwisho kwenye kuvirudisha, hivyo mazoezi yenyewe ni saa moja na robo. Zaidi ya hapo wapigaji wanachoka na wengine wanakosa nafasi. Kikundi kisipofika ndani ya robo saa, chumba kiende kwa anayefuata kwenye daftari, na kanuni hiyo ikubaliwe na wote mwanzoni mwa muhula, kabla ya ugomvi wa kwanza.

Kuanzia Desemba hadi Aprili unyevu hulegeza ngozi za ngoma. Zianikeni juani, au mzipashe moto nje, mbali na jengo, mkizigeuza mara kwa mara na kuzigonga hadi sauti ipande. Moto wa karatasi chumbani ni hatari kwa jengo, na ngozi ikikaribia mwali hukauka upande mmoja na kupasuka. Kinanda cha umeme kichomolewe ukutani kabla ya kufunga mlango, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huunguza adapta.

Siku ya kurekodi, zima pangaboi na funga madirisha ya upande wa barabara. Ikiwa paa ni la bati na mvua inanyesha, ahirisha; hakuna programu itakayoondoa kelele ile bila kula sauti ya mwimbaji. Simu moja iwe karibu na mwimbaji, kiasi cha hatua moja, na nyingine mita mbili au tatu kutoka kwenye ngoma kubwa. Pigeni kofi moja mwanzoni ili baadaye rekodi mbili zioanishwe. Faili la sauti lisilobanwa (WAV) la ubora wa CD linachukua takribani megabaiti 10 kwa dakika, yaani karibu 600 kwa saa, hivyo angalia nafasi ya simu mapema. Lipe kila faili jina lenye tarehe, kijiji na namba, bila jina la mtu.

Sasa idhini, na hapa tunaomba usiharakishe. Kwa kawaida unatoka na barua ya utambulisho ya chuo, unapita ofisi ya mkoa na ya wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Barua hizo zinakufungulia mlango tu. Mzee anayeimba ndiye anayekubali au kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa jina na taarifa nyingine zinazomtambulisha mtu, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ukipandisha mahojiano kwenye programu ya akili unde, mara nyingi yanakwenda kwenye seva za nje. Kwa hiyo fomu ya idhini iwe na swali linalojitegemea: "Unakubali sauti yako iwekwe kwenye programu ya kompyuta inayotumia intaneti?" Lisome kwa sauti na ulifafanue. Mtu anaweza kukubali kurekodiwa na kulikataa hilo, na jibu lake litekelezwe.

Nyimbo za jando na unyago zina ulinzi mzito zaidi. Nyingine haziruhusiwi kusikika nje ya waliopitia, na mambo ya lipiko, mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, yana miiko yake. Muulize nyakanga au kungwi, yaani msimamizi wa mafunzo hayo, kipi kiandikwe, kipi kielezwe kwa ujumla tu, na kipi kiachwe. Alichokataza kisiingie kwenye programu yoyote, hata ukiwa umefuta majina. Ondoa majina, kijiji bado kinatambulika kwa wimbo wake.

Baada ya hapo, akili unde inakusaidia wapi? Inafaa kunyoosha Kiingereza cha sura uliyokwisha kuiandika mwenyewe, kukupa maneno ya kutafutia makala, kukueleza fomula ya takwimu au kosa kwenye jedwali. Mahesabu yenyewe yafanye kwenye programu za takwimu kama Excel au SPSS, kwa sababu programu za mazungumzo huweza kukupa wastani usiotokana na namba zako.

Kunakili mahojiano, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi, ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kiswahili safi kilichorekodiwa vizuri kinatoka kwa kiasi fulani. Mzee akichanganya Kiswahili na Kimakonde, mashine huyalazimisha maneno ya Kimakonde yafanane na Kiswahili. Penye ukimya au mlio wa ngoma bila sauti ya mtu, programu hizi zinajulikana kubuni sentensi nzima. Utaratibu ni huu: sikiliza wewe kwanza, andika unachosikia pamoja na dakika na sekunde, acha alama ya swali pasiposikika, kisha mpelekee mzungumzaji wa lugha hiyo. Mashine, kama idhini ipo, ije mwisho kulinganisha. Usiombe pia ikutafsirie dodoso kwenda Kimakonde. Kimakonde cha uwanda wa Newala na cha upande wa Msumbiji vinatofautiana, na utapewa mchanganyiko usiozungumzwa kijiji chochote.

Marejeo yanayotolewa na akili unde yachukulie kama uvumi hadi uyathibitishe. Nakili kichwa cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu, kitafute. Fungua namba ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, uone kama inakwenda kwenye makala hiyohiyo. Soma ukurasa unaoutaja. Mara nyingi mwandishi ni wa kweli na jarida ni la kweli, lakini makala haipo.

Weka kumbukumbu kwenye daftari dogo: tarehe, programu na toleo lake, ulichoomba, ulichokichukua, ulichokikataa. Kutoka humo tamko la kwenye tasnifu linajiandika: "Nilitumia programu fulani, mwezi fulani, kusahihisha Kiingereza cha Sura ya Pili. Haikutumika kunakili wala kuchambua mahojiano." Muulize msimamizi wako kabla ya kuanza, maana kinachoruhusiwa idara moja kinaweza kukatazwa nyingine.

Hifadhi pia rasimu zote, kila moja na tarehe yake. Vigunduzi vya maandishi ya akili unde hukosea; OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, wenyewe walikiondoa cha kwake Julai 2023 kwa usahihi mdogo, na vigunduzi vimeonekana kuwashuku isivyo haki wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili. Ukishukiwa, kubishana hakutakusaidia kama vitakavyokusaidia daftari la mkono, rasimu zako na rekodi zenye namba zinazolingana na nukuu zako. Vipeleke siku ya kutetea kazi, pamoja na fomu za idhini, na nakala ya rekodi uirudishe kijijini kwenye kadi ya kumbukumbu kabla hujakabidhi tasnifu.