Nafasi Uliyoiacha Kwenye Kanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Mama yako hajambo, goti limetulia kidogo, na mimi ni mzima. Barua yako niliisoma siku ile ile ilipofika, lakini nimekaa nayo wiki tatu, maana swali lako si la kujibiwa kwa simu.

Umenieleza kwamba kwenye maonyesho yenu ulitundika kanga nyeupe yenye pindo jeusi, mji mtupu kabisa, na pale pa jina ukaandika TUMECHOKA NA, kisha ukaacha nafasi. Mzee mmoja mtunzi akakwambia mbele za watu kuwa shairi lisilo na vina wala mizani, tena lisilo hata na mwisho, halimpingi mtu. Wenzako nao wakasema kanga tupu haimshibishi mwenye njaa. Ukaniuliza: "Baba, hiki nilichofanya ni shairi? Na kinapinga chochote, au najidanganya?"

Nimefundisha fasihi miaka 31, na wewe mwenyewe nilikukalisha barazani ukiwa na miaka sita uhesabu mizani kwa vidole. Zamani ningesema kama yule mzee. Leo sisemi hivyo, na sababu ni ile picha uliyoitia ndani ya bahasha, ya ukuta wa Santiago, Chile, ulioandikwa NO +. Ulisema ndiyo iliyokupa wazo, nami nikaenda kuisomea.

Wanaosema Kihispania huisoma ile alama ya kujumlisha "más", yaani zaidi. Kwa hiyo ukuta unasema "no más": basi, isiwe tena. Isiwe tena nini? Hapo waandishi walikoma. Kikundi chao kiliitwa CADA, kilianza 1979, nacho kilikuwa na watu watano: mshairi Raúl Zurita, mwandishi wa riwaya Diamela Eltit, wasanii Lotty Rosenfeld na Juan Castillo, na mwanasosholojia Fernando Balcells. Mwaka 1983, jeshi la Jenerali Pinochet likiwa limetawala Chile miaka kumi tangu mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973, wao na wasanii wenzao walitoka usiku wakaandika NO + kwenye kuta za mji, wakaenda zao. Wakazi ndio waliomalizia. Kifo. Mateso. Woga. Udikteta. Wengine hawakutafuta neno, walichora bunduki.

Fikiria hilo, mwanangu. Mtu anayeandika sentensi nzima hukamatwa nayo. Sentensi hii nani aliiandika? Aliyeianza hakusema kitu, na aliyeimaliza aliongeza neno moja tu. Na kila aliyeongeza lake alilitoa kwenye uchungu wake mwenyewe, hakukariri uchungu wa mshairi. Mimi nimesoma tenzi nyingi za kulalamikia watawala, nzuri sana, zikaniacha nikitikisa kichwa nyumbani. Huu ukuta unampa msomaji brashi.

Alama yenyewe ilikuwa na asili yake. Mwishoni mwa 1979 Rosenfeld alishuka kwenye barabara kubwa ya Manquehue, Santiago, akaikata kwa vipande vya kitambaa cheupe ile mistari iliyochorwa katikati ya lami, mmoja baada ya mwingine. Kila mstari ukawa msalaba, au alama ya kujumlisha, kwa jinsi utakavyoitazama. Hakuandika herufi hata moja. Lakini katika nchi ambayo watu walikuwa wameambiwa wapite wapi na wanyamaze wapi, mwanamke mmoja aligusa mstari ambao kila mtu huufuata bila kufikiri. Baadaye, mwaka 1982, aliifanya kazi hiyo hiyo mbele ya Ikulu ya Marekani.

Wenzako waliokusema kuhusu njaa wana haki ya kusikilizwa. CADA nao waliianza kazi yao kwa njaa. Oktoba 1979 waligawa pakiti 100 za maziwa huko La Granja, mtaa wa maskini pembezoni mwa Santiago. Pakiti mia haziondoi njaa ya mtaa, hilo sikatai. Lakini juu yake paliandikwa "nusu lita ya maziwa", na kila Mchile mtu mzima alijua maneno hayo yanatoka wapi: ndiyo ahadi ya mwaka 1970 ya Salvador Allende, rais aliyekuja kupinduliwa na Pinochet, kila mtoto nusu lita kwa siku. Maneno ambayo yangeweza kuandikwa kwenye pakiti yoyote dukani yaligeuka mashtaka. Katika jarida la Hoy wakachapisha ukurasa wakamwomba msomaji aufikirie ukurasa ule kuwa mweupe mtupu, mweupe kama maziwa ya kila siku. Hapo niliikumbuka kanga yako.

Sasa nikueleze jambo lililonigusa kuliko yote, na ambalo hukulitaja. Kabla ya CADA, wanawake wa Chile walikuwa wameshaanza kupinga kwa sindano. Waume zao, wana wao na ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Waliouawa na waliopotezwa katika utawala ule ni zaidi ya 3,000. Kwenye vyumba vya kanisa, chini ya hifadhi ya Vicaría de la Solidaridad, ofisi ya Kanisa Katoliki ya kutetea walioonewa, aliyoianzisha Kardinali Raúl Silva Henríquez mwaka 1976, walikaa pamoja wakishona picha za viraka kwenye kitambaa cha gunia. Zinaitwa arpillera, na jina hilo ndilo la gunia lenyewe. Wakashona milima ya Andes nyuma, jua juu, nyumba ndogo za rangi rangi. Ukitazama kwa mbali utadhani ni mapambo ya chumba cha mtoto. Sogea karibu: askari mlangoni, sufuria la pamoja la mtaa, meza ya chakula yenye kiti kimoja kitupu. Wengine walitumia vipande vya nguo za yule aliyepotea. Zilitolewa nje ya nchi kwa siri, zikauzwa, na fedha zikarudi kulisha watoto waliobaki. Kwa hiyo ukiulizwa tena kama sanaa inashibisha, una jibu.

Nilimwonyesha mama yako picha ya mojawapo. Alivaa miwani, akaisogeza dirishani, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu alishona kiti mwisho. Tazama uzi, umebadilika." Sijui alionaje. Lakini amekaa kwenye cherehani miaka 40, nami nilimwamini.

Kuhusu Zurita nina neno la mzazi. Alikamatwa asubuhi ya mapinduzi pale Valparaíso, akiwa mwanafunzi wa uhandisi, akafungiwa kwenye meli pamoja na mamia ya wengine, na mashairi aliyokuwa nayo yakatupwa baharini. Miaka miwili baadaye alijichoma shavu kwa chuma cha moto. Watu huliita tendo hilo shairi lake la kwanza. Mimi siliiti hivyo, na sikuombei ushujaa wa namna hiyo. Ninachokipenda ni alichofanya baadaye: Juni 1982 ndege ziliandika mistari 15 ya shairi lake kwa moshi mweupe juu ya New York, na mwaka 1993 maneno yake, "wala huzuni wala woga", yakachimbwa kwenye jangwa la Atacama kwa urefu wa kilomita 3 hivi, yasomwe kutoka angani. Waliomnyang'anya karatasi hawakumwachia ila anga na mchanga, akaandika humo.

Yule mzee usimdharau. Vina si pingu, na kuvivunja peke yake si uhuru. Mshairi wetu Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka uliouliza nchi inakwenda wapi, akawa anaandika mashairi gerezani kwenye karatasi za chooni, yenye vina na mizani kamili. Humo akamsema mamba, na mamba ni nani, akakuachia wewe ujaze. Unaona? Fumbo letu lina nafasi tupu ndani yake tangu zamani. Wewe umeitoa nje tu, ukaitundika ukutani ionekane. Mwambie mzee hivyo, kwa adabu, na umpigie shikamoo kwanza.

Kwa hiyo nasema ni shairi, na kinapinga. Ila kuna kasoro moja, na wewe ndiye unayepaswa kuirekebisha. NO + ilikuwa barabarani. Kanga yako iko kwenye chumba chenye kiyoyozi, imewekewa kamba isiguswe. Umeacha nafasi halafu ukawazuia watu kuingia. Chile ilipopiga kura tarehe 5 Oktoba 1988 kuamua kama Pinochet aendelee kutawala, "Hapana", yaani NO, ilishinda kwa karibu asilimia 56. Sitakwambia kuta ndizo zilizomwondoa Pinochet, kwa sababu walioshinda ni watu waliojipanga, wakaandikishana, wakasimama foleni. Lakini watu hao walikuwa wamezoea kwa miaka mitano kulimalizia neno hilo kwa mkono wao wenyewe.

Ondoa kamba. Ipeleke sokoni, kwa wale akina mama waliobomolewa vibanda usiku, ambao uliniandikia habari zao mwaka jana ukiwa na hasira. Weka kalamu ya nguo pembeni, na usisimame karibu kuwaelekeza. Wakiandika jambo usilolipenda, liache.

Mama yako anataka kanga moja. Nilimwuliza ataandika nini baada ya TUMECHOKA NA, akacheka, akasema atakuandikia wewe, si mimi. Tangu jana amekwisha kata uzi mwekundu na kuutunga kwenye sindano.

Baba yako