Tangi la samaki kwa vitu vya mtaani: jua kazi ya kifaa kabla ya kutafuta mbadala

Ukiingia duka la samaki wa mapambo hapa Dar, mara nyingi samaki mwenyewe ndiye wa bei nafuu kuliko vyote. Kinachomkatisha mtu tamaa ni vile vinavyomzunguka: filta, hita, dawa ya kuondoa klorini, kinyavu, chakula cha kopo. Kwa hiyo wengi huishia na bakuli la duara na gapi wawili, na wiki haijaisha samaki wameshaelea.

Nimefuga samaki nyumbani miaka mingi, na vifaa vyangu vingi nimevitengeneza mwenyewe au nimetengenezewa na mafundi wa mtaani. Karibu kila kitu cha dukani kina mbadala wake. Ila usiige umbo la kifaa. Uliza kwanza kinafanya kazi gani ndani ya maji. Ukishajua kazi yake, mbadala utauona jikoni, gereji au chini ya mti. Usipoijua, unaweza kutia sumu kwenye maji ukidhani umetia pambo.

Tuanze na tangi. Achana na bakuli. Maji machache huchafuka haraka, hupata joto haraka, na kosa dogo la chakula linageuka msiba. Mwambie fundi vioo akukatie tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 6. Hilo linabeba lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake kabla ya kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo stuli ya plastiki haifai. Chini ya tangi tandika lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Linameza vile vijiwe na mabonde madogo ya meza ambayo yangekipasua kioo. Kwenye gundi simama karibu na fundi. Silikoni nyingi za bafuni na sinki zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Unataka silikoni tupu, ile ambayo ikikauka inanuka siki. Iache wiki nzima, kisha jaza maji tangi likiwa nje na ulitazame mpaka kesho yake.

Sasa filta, ambayo ndiyo moyo wa tangi zima. Wengi wanafikiri filta ipo kwa ajili ya kudaka takataka. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi kubwa ni kuwa makazi ya bakteria. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati samaki anaivumilia mpaka siku yako ya kubadilisha maji. Wanachohitaji bakteria hawa ni vitu viwili: sehemu yenye vinyweleo vingi ya kukalia, na maji yenye oksijeni yanayopita bila kusimama. Hapo ndipo utaona kwamba filta ya gharama na kipande cha sponji vinafanya kazi ileile.

Mimi naiunda hivi. Nachukua kipande cha bomba jembamba la plastiki, lile ambalo mafundi umeme hupitishia waya ukutani, kirefu kidogo kuliko nusu ya kimo cha maji. Theluthi ya chini naitoboa matundu pande zote. Kama huna drili, msumari wa moto unatosha, ila fanyia nje, moshi wake si mzuri. Juu ya matundu nafunga sponji nene. Fundi makochi anayo mabaki tele. Chagua nyeupe, laini, yenye matundu unayoyaona kwa macho, kisha ikamue kwenye maji safi mpaka yatoke meupe. Usichukue ya kuoshea vyombo, nyingine zimetiwa dawa ya kuua vijidudu, na vijidudu ndivyo unavyovitafuta. Chini nafunga jiwe ili bomba lisielee. Mwisho napitisha mpira wa pampu ya hewa ndani ya bomba, mpaka karibu na chini. Ukiwasha, mapovu yanapanda ndani ya bomba na kuyabeba maji. Maji mengine yanaingia kupitia sponji kujaza nafasi. Ni filta kamili, na maji yanapata hewa hapohapo.

Pampu yenyewe iweke juu ya usawa wa maji. Ikikaa chini na umeme ukakatika, maji yanaweza kurudi kwenye mpira, yakaingia kwenye pampu na kumwagika sebuleni. Kama lazima ikae chini, nunua ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Na kila waya unaotoka tangini uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone linalotambaa kwenye waya liangukie sakafuni.

Sponji ikijaa uchafu, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani, klorini inaua bakteria uliowalea kwa wiki kadhaa. Hao ndio kitu pekee kinachotaka subira: tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita mpaka wawe wa kutosha. Tia punje chache za chakula kila siku bila samaki, zioze, wapate amonia ya kula. Ukitaka kuharakisha, mwombe jirani mwenye tangi lililokomaa akukamulie sponji yake ndani ya lako. Yale maji ya kahawia yana thamani kuliko chupa yoyote ya dukani.

Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yana klorini. Yajaze kwenye ndoo wazi, yaache saa 24, ukiweza tumbukiza na mpira wa hewa. Ndoo hiyo isiguswe na sabuni maisha yake yote. Mimi yangu nimeiandika kwa maka peni, kila mtu nyumbani anajua. Maji ya kisima hayana klorini lakini mara nyingi hutoka ardhini bila hewa ya kutosha, kwa hiyo nayo yapumzishe. Kama kisima chako kina chumvi, ilivyo kwa maeneo mengi ya karibu na pwani, fuga samaki aina ya moli, maji ya chumvichumvi anayapenda. Badilisha robo ya maji kila wiki. Kunyonya uchafu wa chini, kata kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, toboa kifuniko, chomeka mpira: upande mpana unazamisha mchangani, uchafu unapanda, mchanga unabaki. Maji hayo mwagilia mchicha, ni mbolea.

Kuhusu mkaa. Naulizwa sana kama mkaa wa jikoni unaweza kuwekwa kwenye filta. Usihangaike nao. Ule wa dukani umeandaliwa kwa namna inayofungua vitundu vingi mno ndani yake, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa rangi na harufu. Wa gunia haukupitia hatua hiyo.

Hita kwa Dar huhitaji; Arusha, Mbeya, Njombe au Nairobi ndiko kwenye haja nayo. Tatizo letu ni joto la Januari hadi Machi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi, na wakati huohuo samaki anahitaji zaidi. Ukiona samaki wanahema juu ya maji mchana, ndiyo hilo. Tafuta feni ndogo ya kompyuta mbovu, iunge na adapta ya ruta ya zamani ya volti 12, ielekeze ipulize juu ya uso wa maji. Maji yanayovukizwa hubeba joto, na tangi linaweza kushuka nyuzi mbili au tatu. Umeme ukikatika, kuna pampu ndogo za hewa za USB zinazoendeshwa na pawabenki ya simu. Huna hiyo? Chota maji kwa jagi, yamimine kutoka juu, rudia mara kadhaa kila baada ya muda. Na usiwalishe mpaka umeme urudi.

Sasa nisimame kwenye jambo linaloua samaki wengi mijini bila mwenye nyumba kujua sababu. Vyandarua tunavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa za jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu vimepimwa na ni salama kulalia. Kwa samaki, dawa hizo ni sumu kali kwa kiasi kidogo mno. Mtu anaona chandarua kilichochanika, anakata kipande, anashonea kwenye waya, amepata kinyavu cha bure. Tafadhali usifanye hivyo, hata kama kimefuliwa mara nyingi. Kinyavu shonea soksi ya nailoni ya kike au kitambaa cha shela, ukioshe kwa maji matupu.

Dawa nyingi za mbu za kupuliza zina jamii hiyohiyo ya sumu. Na pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji, yaani unapopuliza dawa sebuleni, pampu yako inawapelekea samaki. Kabla ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni mpaka pembeni, fungua madirisha baadaye, na usiwashe mpaka harufu iishe kabisa. Udi wa mbu nao usichomwe chumba hicho. Waelezee watu wote wa nyumbani, maana anayepuliza jioni mara nyingi si mwenye samaki.

Nimalize sumu, nije kwenye neema. Mkungu, ule mti wa kivuli unaozaa kungu, umejaa pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara. Majani yake makavu yanasafirishwa na kuuzwa kwa wafugaji wa samaki Ulaya na Marekani, na sisi tunayafagia na kuyachoma. Okota yaliyoanguka yenyewe, yakiwa ya kahawia na makavu, mbali na barabara yenye moshi wa magari. Suuza, tumbukiza jani moja kwa lita 20 hadi 40. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi, yatapungua magadi kidogo, na ukungu kwenye mapezi hupungua. Samaki aina ya beta hupenda kupumzika juu ya jani hilo.

Samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa wanataka kinyume chake. Wao wameumbwa kwa maji ya magadi, yenye pH (kipimo cha uchachu na magadi ya maji) ya kati ya 7.7 na 8.6, wanaishi kwenye miamba. Tumia mawe. Kulijua jiwe, lidondoshee siki: likitoa mapovu lina chokaa, litapandisha pH, ni zuri kwa mbuna na baya kwa beta. Mawe ya matumbawe ya kujengea yanafaa sana. Ya baharini yaache kwenye mwamba wake. Yapange yakikaa juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaangukia kioo.

Chakula: dagaa waliokaushwa juani, wasio na chumvi. Toa vichwa na matumbo, wakaange bila mafuta mpaka wakatike kwa vidole, twanga, chekecha ili mchanga utoke. Gapi na moli wachanganyie na mchicha uliochovywa maji ya moto. Mbuna wengi kwa asili hula mwani unaoota kwenye mawe, kwa hiyo kwao mchicha uwe mwingi na dagaa kidogo sana, protini nyingi huwavimbisha tumbo. Wape kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili.

Ukisafiri siku nne au tano, samaki wakubwa wenye afya hawahitaji mtu wa kuwalisha. Ukikaa zaidi, funga chakula cha kila siku kwenye kikaratasi chake, andika siku juu, mpe dada wa nyumbani vikaratasi hivyo na lile kopo la chakula ulifungie kabatini.