Ukoka na panya shamba: jua kwanza "mmoja" ni nini

Anayeanza ikolojia akipewa ukoka, Cynodon dactylon, na panya shamba, Mastomys natalensis, alinganishe wingi wao, mara nyingi hukosea kabla hajafika porini: huchora jedwali lenye safu moja ya "idadi" kwa wote wawili.

Ukoka hauhesabiki. Fukua taratibu, utaona vichipukizi kadhaa vimeungana kwenye shina moja linalotambaa, na vifundo vyake vimetoa mizizi. Jembe likilikata, kipande chenye kifundo kinaweza kuota peke yake. Kwa hiyo pima ardhi iliyofunikwa. Chukua fremu ya mita 1 kwa 1, funga kamba 10 za kwenda na 10 za kukatiza, upate makutano 100. Makutano 37 yakiangukia ukoka, umefunika asilimia 37. Ukitaka uzito, kata majani usawa wa ardhi na uyakaushe kwenye oveni, nyuzijoto 70 za Selsiasi, mpaka mizani isishuke tena. Kumbuka umeacha mashina ya chini ya udongo, na hayo ndiyo yanayouvusha ukoka kiangazi.

Panya anahesabika, ila anajificha. Tega mitego ya sanduku 100, mistari 10 ya mitego 10, mita 10 kati ya mtego na mtego, kwa usiku 3 mfululizo. Chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa mahindi. Kagua alfajiri, maana jua likipanda sanduku la bati huwa tanuri. Ukiona siafu, ondoa mitego ya hapo. Mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Glavu ni lazima, kwa kuwa panya huyu anaweza kubeba vimelea vya tauni na leptospira, bakteria wa homa ya mgunda.

Tuseme umetia alama panya 40, kesho yake ukanasa 50, na 20 kati yao wana alama. Makadirio ni 40 × 50 ÷ 20, yaani 100. Alama zikidondoka, utawaona wenye alama wachache kuliko walivyo, na makadirio yatapanda bure.

Msimu nao unadanganya. Morogoro, panya huanza kuzaana kuelekea mwisho wa masika, mimba ikichukua siku 23 hivi, na wingi wao hufika kileleni karibu na Oktoba na Novemba, majani yakiwa yamekauka. Ukipima miezi hiyo tu, utadhani panya hahitaji majani. Rudi kila mwezi, kiwanja kilekile, mwaka mzima.