Mume Wangu Anapenda Hevi Metali, Mimi Nasikia Kelele Tupu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa tatu wa ndoa yetu. Mimi ni mtu wa jazi. Baba alinilea nayo. Mume wangu anapenda hevi metali, ile ya magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayekoroma kama anakabwa koo. Siku moja tulikuwa na wageni, akaweka wimbo mmoja, nami nikasema mbele yao kwamba hayo ni makelele ya watu wasio na akili timamu. Wote walicheka, na yeye akacheka. Tangu siku hiyo anasikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, na nikiingia anazima. Nimejaribu kusikiliza albamu nzima kwa ajili yake, nikaambulia kuumwa kichwa. Nijilazimishe mpaka niipende? Au nikubali tu kwamba kwenye muziki kila mtu na lwake? – Mpenda Jazi*

Marahaba, mwanangu.

Usijilazimishe. Hilo nalimaliza mapema kwa sababu naona ndilo linalokukosesha raha, na wala si zito hivyo. Sikio lina haki ya kukataa. Wapo wapendanao ambao hawajawahi kukubaliana hata wimbo mmoja na nyumba zao zimesimama.

Kinachonisumbua mimi ni kile ulichokipitia haraka haraka. Umeandika kwamba ulisema ni “makelele ya watu wasio na akili timamu”. Yasome tena maneno hayo. Kuhusu gitaa, ngoma au sauti ya mwimbaji hukusema kitu. Ulisema kuhusu akili za wasikilizaji, na msikilizaji mmoja alikuwa ameketi pale pale, ndiye aliyeuweka huo wimbo. Alicheka, ndiyo. Ulitaka afanyeje mbele ya wageni?

Wengi wetu tukisema hatupendi muziki fulani huwa tunamaanisha kwamba hatutaki kuhesabiwa pamoja na wanaoupenda. Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani, Bethany Bryson, alichapisha utafiti juu ya jambo hilo hilo. Aliona kwamba watu waliosoma sana walikataa aina chache zaidi za muziki kuliko wengine, na hapo unaweza kuwapigia makofi. Ila zile chache walizozikataa zilikuwa hasa zile zinazopendwa na watu wenye elimu ndogo: rapu, kantri, injili na hiyo hiyo hevi metali ya mumeo. Mlango wao ulikuwa wazi, lakini ulikuwa na bawabu.

Na mpenda jazi, kati ya watu wote, hapaswi kuwa bawabu. Muziki wako umeshatukanwa kwa maneno makali kuliko hayo yako. Mwaka 1921 jarida la Marekani, Ladies' Home Journal, lilitoa makala yenye kichwa kilichouliza kama jazi ndiyo inayoleta dhambi. Mwaka 1938 Wanazi walifungua maonyesho mjini Düsseldorf ya muziki waliouita uliopotoka, na kwenye bango lake wakamchora mpiga saksafoni mweusi kwa dhihaka, na nyota ya Kiyahudi kifuani. Unadhani shida yao ilikuwa saksafoni? (Sikulinganishi nao, mwanangu, usininunie. Nakuonyesha tu njia hiyo huwa inaelekea wapi.)

Sasa nikusimulie kisa ambacho mumeo huenda anakijua, ila hajapata nafasi ya kukusimulia. Kundi la Black Sabbath la Birmingham, Uingereza, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, na wengi huihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa hevi metali. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa kijana wa kiwandani. Akiwa na miaka 17 mashine ya kukata mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo alivyobonyezea nyuzi. Akajua mambo yamekwisha. Msimamizi wake pale kiwandani akamsikilizisha rekodi ya Django Reinhardt.

Django unamjua wewe kuliko mimi: gwiji wa gitaa la jazi aliyeungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa, naye akaendelea kupiga mpaka akawashinda wenye vidole vyote. Iommi aliposikia hivyo akarudi kwenye gitaa lake. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimwumize. Uzi ukilegea, sauti hushuka na kuwa nzito. Kwa hiyo ule uzito unaokukera unatokana, kwa sehemu, na kidonda cha mtu. Na mtu huyo asingerudi kupiga kama si jazi.

Hata ule mkoromo si mgeni kwako. Miaka ya 1920 katika bendi ya jazi ya Duke Ellington alikuwamo mpiga tarumbeta Bubber Miley, aliyekuwa akiziba na kuzibua mdomo wa tarumbeta huku akikoroma kooni, chombo kikanguruma kama mnyama. Nina hakika unapomsikia unatabasamu. Waimbaji wa metali wanaoijua kazi yao nao hawachani koo ovyo. Hutikisa mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti, kwa pumzi iliyofundishwa, na mazoezi yake ni marefu. Pale sauti imegeuzwa ala. Ukiisikiliza kwa kutafuta melodi, utatoka mikono mitupu, kwa sababu mara nyingi melodi amepewa gitaa. Mtu asiyeijua jazi naye hukuuliza mbona mpiga saksafoni ameupoteza wimbo, na wewe unajua kwamba huko kupotea ndiko kulikokufanya ununue tiketi.

Hapo ndipo albamu nzima ilipokuponza. Uliisikiliza kwa masikio ya jazi, ukaisubiri ikupe vitu isivyokuwa navyo. Tena uliimeza yote kwa mkupuo. Ni kweli kwamba mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kuwa kukutana na kitu mara kwa mara hutufanya tukipende zaidi, lakini hilo hufaa zaidi kwa kitu kigeni ambacho bado hujakichukia. Ulichokwisha kukichukia, ukikirudia kwa meno yaliyokazwa, unaweza kukichukia zaidi.

Mwombe achague wimbo mmoja. Mmoja tu, sauti ya wastani, na kama anao usio na mkoromo, uanze huo; metali ina vipande vingi vya ala tupu. Kisha muulize, “Nisikilize nini hapa?” Swali hilo litakusaidia kuliko albamu kumi. Atakuonyesha pale ngoma inapobadili mwendo, au pale gitaa linaporudia kifungu kile kile mpaka kinageuka kuwa kitu kingine. Wimbo ukiisha, sema kweli: ngoma imenishika, mwimbaji amenichosha. Usimdanganye kwamba umeupenda wote. Mume anayekujua atakugundua kabla ya wimbo wa pili, na atajisikia anahurumiwa, jambo ambalo ni baya kuliko kuchekwa. Zamu yako ikifika, mwekee Django.

Inawezekana baada ya hayo yote ukabaki huipendi. Sawa. Utakuwa unajua ni nini usichokipenda ndani yake, na mtaweza kulizungumza bila mtu kudhalilika.

Lakini usianze na wimbo. Anza na deni. Mwambie, “Siku ile nilikuvunjia heshima mbele za watu, nisamehe,” kisha nyamaza. Usiongeze “lakini na wewe huo muziki wako”. Najua ulimi utakuwasha. Na kwa kuwa mlicheka wengi, mmojawapo wa wale wageni akija kurudia ule utani, safari hii usicheke naye. Mwambie mumeo ana sikio zuri na hayo uliyoyasema yalikuwa ya kipuuzi. Ataelewa kuliko ukimwandikia barua ya kurasa tatu.

Naye ana lake la kufanya. Alipaswa kukwambia kwamba aliumia, badala ya kukuzimia muziki kila unapoingia kana kwamba wewe ni askari. Umwambie hivyo, ila si siku ile ile ya kuomba radhi. Na kama akishasamehe atafungulia spika usiku wa manane kulipiza kisasi, niandikie tena, niongee naye mwenyewe.

Shangazi