Kombo za tyubu za wati 20: kabla hujanunua, jiulize unapiga muziki gani

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimekusoma. Unapiga solo kwenye bendi ya hotelini wikiendi, Jumapili uko kanisani, umejichanga muda mrefu, na sasa macho yako yako kwenye hizi kombo (ampi na spika kwenye boksi moja) za Studio za Marshall. Unauliza uchukue ipi kati ya SV20C, SC20C na ST20C, na kama ampi ya tyubu, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, inahimili mazingira ya Dar. Wadau wameshakujibu "beba yoyote, Marshall ni Marshall". Mimi siafiki, na nitaeleza kwa nini. Napigia ampi za tyubu miaka mingi sasa, zangu na za kukodi, na SV20C naijua vizuri kwa sababu mwenzangu kwenye bendi anayo na ndiyo inayokaa chumba cha mazoezi.

Kwanza tuzielewe zenyewe. SV20C na SC20C zilitoka 2019, zinaundwa kiwandani kwa Marshall pale Bletchley, Uingereza. Walichofanya ni kuchukua zile ampi zao kubwa za wati 100 zilizojenga jina la kampuni, wakazipunguza hadi mtu mmoja aweze kubeba. SV inafuata 1959 Super Lead, ile inayoitwa Plexi, aina aliyokuwa akiipigia Jimi Hendrix. SC inafuata JCM800 2203. Zote mbili zina tyubu mbili aina ya EL34 upande wa pawa, yaani ule unaosukuma spika, na spika moja ya Celestion ya inchi 10. ST20C ilikuja baadaye. Hiyo inafuata JTM45, ampi ya kwanza kabisa ya Marshall, ya mwaka 1962, ambayo nayo Jim Marshall na mafundi wake waliiunda kwa kufuata Fender Bassman. Ndani yake kuna tyubu aina ya 5881 badala ya EL34, na spika ni ya inchi 12.

Swichi ya standby kwenye hizi ampi inakupa wati 20 upande mmoja na wati 5 upande wa pili. Riverbu (mwangwi) hakuna, kwa hiyo weka bajeti ya pedali. SC ina master, kitufe cha sauti ya jumla, unaweza kuikaba sauti huku distosheni, ule mkoromo, ikibaki. SV haina. Ina vitufe viwili tu vya sauti, vya Loudness, kama baba yake, ukitaka ikorome lazima uifungulie.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona wengi mmelipita.

Hizi ampi zimetengenezwa kwa mtu anayeitafuta distosheni. Mpiga roki wa Ulaya alikuwa na shida moja: Plexi ya wati 100 haitoi ule utamu wake mpaka uifungue kiasi cha kuwafukuza majirani, na kumbi nyingi siku hizi hazimruhusu. Wati 20 zinamtatulia shida hiyo, kwa sababu tyubu zinafika ukingoni mapema. Kwake hiyo ni faida. Kwako wewe unayepiga dansi, kufika ukingoni mapema ndiyo hasara yenyewe.

Sikilizeni gitaa la Dr Nico wa Kongo, sikilizeni Mbaraka Mwinshehe. Noti imesimama, ina mwanzo wake na mwisho wake, haijapakwa kitu. Na muziki wetu una magitaa mawili, matatu: rizimu anashikilia, mi-solo anajaza katikati, solo anatembea juu. Yote yanaishi pamoja kwa sababu kila moja ni safi. Ukiingiza distosheni kwenye moja, yale mengine yanapotea.

Nieleze kinachotokea pale mazoezini. Tunachomeka gitaa la Stratocaster kwenye SV20C, chaneli ya ukali, Loudness iko kwenye 3, upande wa wati 20. Kabla ngoma hazijaanza, hiyo sauti ni nzuri sana, inang'aa, kidole kikigusa tu inaitika. Wimbo unaanza, bado mambo ni mazuri. Tunaingia sebene, mpiga ngoma anafungua mkono, unajikuta huisikii gitaa yako, unapandisha kwenye 4, halafu 5. Piga noti moja moja: bado safi. Sasa piga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti ya kwanza na ya tatu, vile solo yetu inavyopigwa siku zote. Hapo utasikia katikati ya noti mbili kuna mngurumo ambao hujaupiga wewe. Ni tyubu zimeanza kukata vichwa vya mawimbi, na noti mbili zinapokatwa pamoja huzaa noti nyingine ambazo hazimo kwenye wimbo. Mpiga blues atakwambia hiyo ndiyo asali. Kwenye sebene inaua kila kitu, maana msikilizaji anachezea zile noti mbili.

Ndiyo maana wanaopima ampi kwa kupiga kodi moja nzito dukani wanarudi nyumbani na kitu kisichowafaa.

Hapo hapo niseme kuhusu wati, maana kuna mdau ameandika kwamba upande wa wati 5 ni wa chumbani. Si kweli. Kutoka wati 20 hadi 5 unapunguza desibeli 6 tu. Ili sikio lione sauti imeshuka nusu, pawa inatakiwa ishuke karibu mara kumi. Wati 5 za tyubu zikifunguliwa bado jirani atagonga ukuta. Na kinyume chake pia: ampi ya wati 40 haipigi mara mbili ya ile ya 20, inakuongezea desibeli 3. Ila desibeli 3 hizo zikiwa safi, kwa mpiga dansi ni mali. Na usisahau spika. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 100 inakupa kitu kile kile ambacho ungepata kwa kuzidisha wati mara mbili kwenye spika ya desibeli 97, bila kugusa ampi.

Kwa hiyo kama kazi yako kubwa ni dansi na unataka tyubu kweli, mimi ningekupeleka upande wa Fender kabla ya Studio yoyote. Hot Rod Deluxe ina wati 40, tyubu mbili za 6L6, spika ya inchi 12, riverbu iko ndani, uzito karibu kilo 20. Chaneli yake ya drive sijawahi kuipenda, lakini ile safi inatosha bendi kamili. Ukitaka sauti safi isiyokatika kabisa, Twin Reverb ina wati 85, 6L6 nne na spika mbili za inchi 12, ila inakaribia kilo 29. Ukiwa mtu wa kupanda bajaji na vyombo vyako, fikiria mara mbili. Vox AC30 ni nzuri, naipenda kwa rizimu kuliko kwa solo, lakini AC30 ya spika mbili nayo ni zaidi ya kilo 30.

Na nitasema hili hata kama wapenzi wa tyubu watanikasirikia: Roland JC-120 haina tyubu hata moja, imekuwepo tangu 1975, na kwa sauti safi ya gitaa letu ampi nyingi za tyubu zinaionea wivu. Ukiipata mtumba ikiwa nzima, isikilize kabla hujatoa pesa kwingine.

Tuje kwenye umeme, hapa sikilizeni vizuri.

Umeme wetu ni volti 230, sawa na Uingereza, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Hiyo ni faida ya kununua ampi iliyotoka soko la Uingereza. Ya kutoka Marekani mara nyingi imefungwa kwa volti 120. Geuza nyuma, soma kibao chake kabla hujachomeka. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230, ukibahatika inaungua fyuzi, usipobahatika inaondoka transfoma ya pawa. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa kutosha, na hiyo nayo ni mzigo mwingine wa kubeba.

Tatizo la pili ni umeme mdogo wa jioni. Ampi ya tyubu haina kirekebishaji kama chaja ya simu, kwa kawaida inachokipata ukutani ndicho inachokitumia. Ukutani pakishuka kutoka 230 hadi 200, kila kitu ndani kinashuka kwa asilimia 13. Ule umeme wa kuwasha nyaya za ndani za tyubu, ambao unatakiwa uwe volti 6.3, unakuwa kama 5.5. Pawa nayo inashuka kwa zaidi ya kiwango hicho, wati zako 20 zinakuwa kama 15. Yaani sauti safi iliyokuwa ndogo tangu mwanzo inapungua tena, na inapungua saa mbili usiku, wakati ukumbi umejaa. Nimeshuhudia ampi ile ile, kwa mkao ule ule wa vitufe, ikiwa safi mchana kwenye saundicheki na ikikoroma usiku. Watu wakalaumu tyubu. Tukaweka mita ukutani, tukakuta umeme umeshuka.

Nunua stabilaiza nzuri, ihesabu kuwa ni sehemu ya bei ya ampi. Umeme ukikatika katikati ya shoo, chomoa plagi, usiiache ikisubiri umeme urudi, maana mara nyingi unarudi na kishindo. Ukiwa kwenye jenereta, mwombe fundi mitambo apime volti kabla hujachomeka.

Unyevu wa pwani nao una kazi yake. Miguu ya tyubu na soketi zake huota kutu nyepesi ya chumvi, ampi inaanza kupasuka sauti au kukatika ovyo. Mara nyingi si tyubu iliyokufa. Zima, chomoa, subiri ipoe, zitoe tyubu na kuzirudisha taratibu mara kadhaa, miguu itajisafisha. Ikikaa bila kupigwa, ifunike.

Kuhusu kupata tyubu: dunia nzima inategemea viwanda vichache tu, JJ kule Slovakia, kile cha Saratov Urusi kinachotengeneza Electro-Harmonix, Sovtek na Tung-Sol, na vya China. Mwaka 2022, vita ilipoanza, kukawa na taharuki kwamba Urusi imezuia kuuza nje, na watu wakagombania zilizokuwa madukani. Kwetu hapa usitegemee kuzikuta siku utakayozihitaji. Siku unaagiza ampi, agiza papo hapo jozi moja ya tyubu za pawa zilizolinganishwa, tyubu ndogo za ECC83 mbili (ukiona imeandikwa 12AX7 ni hiyo hiyo), na fyuzi za ukubwa sahihi. Duka moja liliwahi kunipa jozi ya EL34 "mpya" ambayo moja ilikuwa inawaka nyekundu bamba zima na mwenzake imepoa. Hizo hazikuwa jozi. Ukiona bamba la ndani linageuka jekundu, zima palepale.

Fundi tafuta mapema, kabla ampi haijaharibika. Wale mafundi wa zamani wa TV za chogo ndio wazuri zaidi, kwa sababu wamezoea umeme wa juu. Wa kwangu, kabla ya kugusa chochote, anashika rizista kubwa yenye waya mbili, mguu mmoja kwenye chasisi, mwingine kwenye kapasita, anasubiri, kisha anapima na mita mpaka ione sifuri, mkono wa kushoto ukiwa nyuma ya mgongo. Ndani mle kuna mamia ya volti na zinabaki kwenye kapasita hata ukishachomoa plagi. Fundi anayeingiza bisibisi bila kufanya hivyo, mpokonye ampi yako uondoke. Na wewe mwenyewe usiwashe ampi ya tyubu na kuipiga bila spika kuunganishwa, utachoma transfoma ya kutolea sauti, na hiyo kuipata hapa ni shughuli.

Basi, kwa swali lako. Kama lazima iwe Studio, mimi ningekwenda na ST20C. Kwa masikio yangu ni laini zaidi juu, na ile spika ya inchi 12 inaipa gitaa mwili ambao inchi 10 haina. SC20C mwachie mwenye bendi ya roki au anayepiga nyimbo za kuabudu zenye magitaa mazito. SV20C ni ampi nzuri mno, mwenzangu hauzi na mimi nisingeuza, lakini yeye anapiga blues na vitu vya Hendrix. Kwa kanisani yoyote kati ya hizo inatosha, kwa sababu pale maiki inawekwa mbele ya spika na ukumbi unahudumiwa na mitambo. Kwa hotelini ndipo penye swali, na kabla ya kulipa nenda na gitaa lako, omba mpiga ngoma wenu aje naye, piga zile nyuzi mbili pamoja kwa sauti ya sebene. Zikibaki mbili, lipa.

Umesema bendi ina mitambo yake. Je, hapo hotelini ampi zenu zinawekewa maiki, au kila mtu anajitegemea na spika yake? Nijibu hilo, maana kama zinawekewa maiki na mna monita za kueleweka, hata hofu yangu ya wati 20 inapungua sana.