Fundo la Nguruwe la Kijerumani: Jua Mkoa Kabla ya Kuwasha Oveni

Dada mmoja anayeishi Leipzig ameniandikia wiki hii. Alinunua fundo la mguu wa nguruwe, akaliingiza kwenye oveni kwa maelekezo ya Kibavaria, yaani ya jimbo la Bavaria huko kusini, likatoka na chumvi kali, nyama imekauka. Anauliza kama oveni yake ni mbovu. Oveni yako ni nzima, dada. Ulichonunua ni Eisbein, nyama iliyokwisha kulazwa kwenye maji ya chumvi yenye nitriti, na hiyo ni ya kuchemsha.

Swali lake limenigusa kwa sababu mimi ninaishi Berlin lakini nimeolewa na mtu wa Bavaria, kwa hiyo sahani hii nimeila kwa pande zote mbili. Wakati bado mgeni ukweni, ndugu mmoja wa mume wangu aliniondoa jikoni mbele ya watu, akisema kuchoma Schweinshaxe, yaani fundo la kuoka la Kibavaria, si kazi ya aliyekuja kwa ndege. Sikumjibu. Iliniuma, na hadi leo sijaisahau. Jumapili iliyopita nimeichoma mimi, ngozi ikavunjika kwa mlio uliosikika mezani kote, mama mkwe akaomba kipande cha pili, kisha akaniuliza nimefanyaje. Mimi! Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuificha.

Basi nilivyofanya ni hivi. Kwa kuchoma nunua fundo bichi, lisilotiwa chumvi, la mguu wa nyuma, maana la mbele lina nyama kidogo. Lichemshe kidogo ngozi ilainike, kisha ichanje kwa kisu chenye makali bila kufika kwenye nyama. Kausha ngozi kabisa, paka chumvi na kisibiti, weka kwenye trei yenye vitunguu na bia nyeusi. Bia ibaki chini. Wapo wanaoimwagia ngozi bia kila mara. Mimi sikubaliani nao. Oka kwa nyuzi 160 mpaka nyama iachie mfupa, kama saa mbili na zaidi, halafu pandisha hadi 220 au 230 na usiondoke hapo, kwa sababu ngozi huvimba na kuungua ndani ya dakika chache. Huliwa na madonge ya viazi na mchuzi wa trei.

Berlin hawataki mlio wowote. Eisbein huchemshwa taratibu, maji yakitikisika tu, pamoja na kitunguu, pilipili manga na karafuu chache, karibu saa mbili na nusu. Usiongeze chumvi. Nyama hutoka ya waridi, ngozi laini ya kutetemeka, na pembeni huwekwa kabichi iliyochachushwa, njegere kavu zilizopondwa na haradali. Wenzetu wengi hukimbia ngozi ile laini. Mimi naipenda, na nawaomba muionje kabla ya kuihukumu.

Na msidhani Bavaria yote ni oveni. Nürnberg iko ndani ya jimbo hilo, lakini watu wa Franken, eneo la kaskazini mwa jimbo ambamo mji huo upo, wana Knöchla yao, fundo la kuchemsha, wanaila na kabichi na mkate. Frankfurt wanaiita Haspel, nayo hutoka kwenye chungu na kuteremshwa kwa mvinyo wa tufaha. Ukivuka mpaka ukafika Vienna unarudi kwenye moto: Stelze kubwa ya kuchoma, pamoja na haradali na mzizi mkali uliokwanguliwa.

Jamani, tuliohamia ugenini tusipike kwa kubahatisha halafu tukasema chakula cha watu ni kibaya. Kila mkoa una sababu yake. Heshimu chakula cha watu kama unavyotaka pilau yako iheshimiwe. Uliza. Muuza bucha halipishi maswali, na wazee wa hapa hufurahi sana wakiulizwa habari za chakula cha kwao.

Dukani soma karatasi ya pakiti. Ukiona neno „gepökelt“, nyama imeshatiwa chumvi, ipeleke kwenye chungu, ukiona „frisch“ au „roh“, yaani mbichi, hakikisha neno la kwanza halipo popote, ndipo uwashe oveni. Ukishachemsha Eisbein, onja ile supu kwanza. Kama chumvi yake si kali, pikia humo njegere zako.