Upepo unavuma Iowa, mbona mitambo imesimama?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Naishi Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, na kila nikielekea Omaha kwa barabara ya I-80 naiona mitambo ya upepo kwenye mashamba karibu na Adair. Juzi upepo ulikuwa mkali hadi gari likawa linayumba, lakini safu nzima ya mitambo ilikuwa imesimama. Nasikia zaidi ya nusu ya umeme wa Iowa ni wa upepo. Inawezekanaje? Na upepo ukitulia?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Ulichosikia ni kweli: mwaka 2023 upepo ulitoa takriban asilimia 59 ya umeme uliozalishwa Iowa. Ila hiyo ni hesabu ya mwaka mzima, na ni ya umeme uliozalishwa jimboni, si ule unaofika kwenye soketi yako saa hii. Upepo ukikolea, Iowa huuza umeme kwa majirani. Ukitulia, kama Julai na Agosti, mitambo ya gesi na makaa ya mawe hubeba mzigo. Sehemu kubwa ya jimbo imo kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme, inayoratibiwa na MISO, shirika linalosimamia umeme wa majimbo mengi kuanzia Minnesota hadi Louisiana, na kila dakika 5 hupangwa upya nani azalishe kiasi gani.

Sasa ile safu uliyoiona. Mtambo wa kawaida huanza kuzalisha upepo ukifika mita 3 au 4 kwa sekunde, na hujizima kwenye mita 25 hivi ili usivunjike. Hizo ni kilomita 90 kwa saa, upepo wa dhoruba. Ukiona mmoja tu umesimama, yawezekana kuna fundi juu au kipuri kinasubiriwa. Safu nzima ikisimama, mimi hushuku nyaya kwanza. Usiku wa Aprili watu wamelala, matumizi yako chini, upepo umepamba moto. Njia za umeme zikijaa, gridi huamuru baadhi ya mitambo ipunguze. Tazama mapanga yake: yamegeuzwa ubavu. Jaribu kwa mkono nje ya dirisha la gari linalokwenda. Kiganja kikiukabili upepo, mkono unasukumwa nyuma. Ukikilaza, upepo unapita tu. Mtambo hufanya hivyohivyo.

Iowa haikufika hapa kwa bahati. Mwaka 1983 ilipitisha sheria, ya kwanza ya aina yake Marekani, iliyozilazimu kampuni kubwa za umeme kununua au kumiliki megawati 105 za nishati jadidifu. Mwaka 1992 serikali kuu ikaleta nafuu ya kodi kwa kila uniti inayozalishwa, na seneta wa Iowa, Chuck Grassley, alikuwa mtetezi wake mkubwa. Mwaka 2005 jimbo lilikuwa halijafikisha megawati 1,000 za upepo; leo limezidi 12,000. Wakulima nao walikubali kwa sababu inayoeleweka: mtambo unakula kipande kidogo cha ardhi, mahindi na soya vinaendelea kuota hadi karibu na mguu wake, na kodi ya pango ya maelfu ya dola kwa mwaka humwingia mkulima hata bei ya mahindi ikianguka.

Kwa hiyo naamini kinachoikwaza Iowa sasa ni usafirishaji wa umeme. Mitambo ikishapata kibali, husimikwa ndani ya miezi. Njia ya msongo mkubwa hupita kwenye mashamba ya watu wengi, na kukubaliana nao huchukua miaka.